Pleya ya bibi inakubali kufomatiwa, lakini inabaki na MB 200 badala ya GB 16

Mjukuu_Wete

Assalaamu alaykum ndugu zangu. Naomba msaada wenu kuhusu pleya ndogo ya MP3 iliyokataa kufomatika sawasawa. Nitaeleza kwa urefu, kwa sababu nimeshaona kwamba maelezo mafupi huleta majibu ya kubahatisha.

Pleya hii ni ya bibi yangu mzaa mama, anayeishi hapa Wete. Ina kumbukumbu ya ndani ya GB 16 na skrini ndogo, inachajiwa kwa kebo ya USB, na haina tundu la memori kadi. Miaka minne iliyopita niliijaza yote yaliyokuwemo katika kaseti zake: taarab alizokuwa akizirikodi kutoka Sauti ya Tanzania Zanzibar, maulidi yaliyosomwa nyumbani, na sauti ya babu akisoma Qur'ani na kuzungumza na wanawe kabla hajafariki. Kaseti zenyewe zimeshaota ukungu, na mbili zimekatika utepe. Msimu wa karafuu bibi huiweka pleya hiyo pembeni ya jamvi, akasikiliza huku akichambua mpaka usiku mkubwa, na tangu iharibike amekuwa akichambua kimya.

Mwezi uliopita pleya ilianza kuganda kila ikiwashwa. Ilikuwa ikiandika kwamba inasoma orodha ya nyimbo, kisha ikisimama hapo hapo mpaka betri ikaisha. Niliiunganisha na kompyuta nikafanikiwa kunakili faili 40 hivi kati ya 110, na zilizobaki zilikataa, nyingine zikiganda katikati. Mwenzangu kazini akanishauri tuifomati, tukafanya hivyo kwa kompyuta yake, na kazi ikamalizika bila ya ujumbe wowote wa kosa. Nilipoiwasha, pleya ikasema inahitaji kufomatiwa. Nikatumia menyu yake yenyewe. Ikaniambia tayari, ikajizima, ikajiwasha, ikadai kufomatiwa tena. Nyumbani, katika kompyuta yetu ya zamani ya Windows, inaonekana kuwa na MB 200 tu. Nikiifomati huko inamaliza kwa sekunde chache na MB 200 zinabaki zile zile. Nimeshajaribu mara tatu na nimebadilisha kebo.

Je, kumbukumbu imekufa? Na kama haijafa, GB 16 zimekwenda wapi?

Fundi_Mlandege

Waalaykumu ssalaam, ndugu yangu. Kabla ya yote, ichopoe pleya hiyo na usiifomati tena, hata mara moja, mpaka tumalize mazungumzo haya. Kila unapofomati, kompyuta huandika kitu kipya katika kumbukumbu, na ikiwa nyimbo za bibi bado zimo, basi kila jaribio linakula kipande chake. Nimekuwa nikitengeneza redio na simu hapa Mlandege kwa miaka mingi, na wengi niliowaona wakipoteza vitu vyao walivipoteza katika zile siku mbili tatu za kujaribujaribu, baada ya kifaa kuharibika.

Naomba unijibu mambo mawili. Kompyuta ya mwenzako ilikuwa ya Windows au Mac? Na ukifungua ile sehemu ya Windows inayoonesha diski zote na mgawanyo wake, unaona nini kando ya hizo MB 200? Kuhusu kebo sikuulizi, kwa sababu kebo ya kuchajia tu, isiyo na nyaya za data, isingekuonesha hata hizo MB 200.

Mjukuu_Wete

Ahsante sana, Fundi. Nimeshaichopoa. Kompyuta ya mwenzangu ni Mac. Alichagua aina inayoitwa MS-DOS (FAT), akaandika jina la bibi kwa herufi kubwa, na palikuwa na chaguo jengine la mpangilio wa diski ambalo tuliliacha kama tulivyolikuta. Katika Windows naona vipande viwili: cha kwanza cha MB 200, na cha pili cha GB 14 na ushei ambacho hakikupewa herufi yoyote. Nikibonyeza juu ya kile cha kwanza ili nikifute, amri ya kufuta imefifia, haikubali kubonyezeka.

Fundi_Mlandege

Basi jibu la suali lako la pili tumeshalipata, na ni habari njema: GB zako hazikupotea, ila zimewekwa nyuma ya mlango ambao pleya haijui kuufungua.

Kufomati ni kazi mbili, ingawa sisi tunabonyeza kitufe kimoja. Mwanzoni kabisa mwa diski huandikwa jedwali linalosema diski imegawanywa patisheni (yaani vipande) ngapi, na kila patisheni inaanzia wapi na kuishia wapi. Kisha ndani ya patisheni huandikwa mfumo wa faili, ambao ndio unaojua wimbo gani umekaa wapi. Watu wengi hushughulikia hili la pili tu. Wanauliza kama ni FAT32 au NTFS, na wakishajibiwa FAT32 wanaona wamemaliza. Mwenzako alichagua mfumo wa faili ulio sahihi kabisa. Kilichokosewa ni jedwali, na ndilo lile chaguo mliloliacha kama mlivyolikuta.

Yapo majedwali ya namna mbili. La zamani huitwa MBR, na pleya ndogo, redio za fleshi na vifaa vingi vya gari hulijua hilo peke yake. Jipya huitwa GUID au GPT, ambalo kompyuta za leo hulitumia kwa diski zao wenyewe. Mac ikiachiwa ichague, mara nyingi huandika GUID, na inapofanya hivyo hutenga mwanzoni kipande cha MB 200 kwa matumizi ya kuwashia kompyuta, ndipo huweka patisheni yako nyuma yake. Windows za zamani, zikiona kifaa kidogo cha kuchomeka kama hicho, huonesha patisheni ya kwanza tu, na ya kwanza hapa ni kile kipande cha MB 200. Umekuwa ukikifomati hicho hicho mara tatu, na kila mara kimefomatika vizuri! Pleya nayo ikitazama mwanzoni mwa diski inakuta jedwali isilolijua, inasema haijafomatiwa, na inaelekea menyu yake huandika upya mfumo wa faili bila ya kuligusa jedwali. Ndiyo maana mnazunguka mduara mmoja.

Dawa yake ni kufuta jedwali lote na kuandika la MBR, lakini usiianze leo. Kwanza tuziokoe sauti. Kufomati kwa haraka hufuta orodha ya faili na kuziacha faili zenyewe mahali pake, kama kuchana kurasa za yaliyomo katika kitabu na kukiacha kitabu. Ipo programu ya bure iitwayo PhotoRec. Jina lake linataja picha, lakini inatafuta pia faili za MP3 kwa kutambua namna zinavyoanza. Ielekeze kwenye diski nzima ya pleya, usiielekeze kwenye kile kipande cha MB 200, na iamuru ihifadhi inachokipata kwenye diski ya kompyuta, kamwe isiwe ndani ya pleya hiyo hiyo. Majina ya faili hutayapata. Ujiandae kuzisikiliza moja moja. Pia baadhi ya faili zilizokuwa mwanzoni mwa kumbukumbu huenda zimeshaandikwa juu yake na yale majaribio yako.

Ukishaziokoa, ingia katika Windows ufungue programu ya diskpart kwa ruhusa ya msimamizi. Andika «list disk» uone diski zote kwa nambari na ukubwa. Hapa naomba uwe makini kuliko mahali pengine popote, kwa sababu amri inayofuata haiulizi mara mbili na haijui tofauti baina ya pleya ya bibi na diski ya kompyuta yenu. Chomoa fleshi na diski nyengine zote, tazama ni nambari ipi yenye ukubwa wa GB 14 au 15, ichopoe pleya uandike tena «list disk» uhakikishe kwamba ndiyo nambari iliyotoweka, kisha uirudishe. Tuseme ni nambari 1: andika «select disk 1», halafu «clean», halafu «create partition primary», halafu «format fs=fat32 quick», na mwisho «assign». Ukimaliza, itoe kwa utaratibu, iwashe, na uifomati mara moja kwa menyu yake yenyewe ili iweke folda inazozihitaji.

Mwengine anayesoma hapa akiwa na iPod ya zamani asifuate maelezo haya. iPod za diski zina patisheni ya programu endeshi, yaani ile inayoiendesha iPod yenyewe, ndani ya diski hiyo hiyo, na amri ya «clean» huiondoa pamoja na nyimbo. Hizo hurejeshwa kwa iTunes. Na ambaye pleya yake haionekani kabisa katika «list disk» atazame katika mipangilio yake kama imewekwa katika hali ya MTP, ambayo huifanya ionekane kama kifaa cha muziki na si diski. Aibadilishe kuwa MSC, ndipo kompyuta itakapoiona kama diski.

Mwalimu_Chake

Assalaamu alaykum nyote. Nafundisha kompyuta katika skuli moja hapa Chake Chake. Maelezo ya Fundi kuhusu jedwali ni sahihi na nitayatumia darasani, lakini kuna jambo katika suali la kwanza ambalo naona limepitwa, na naomba Fundi aniwie radhi nikimpinga.

Ndugu wa Wete amesema kwamba kabla ya kufomati popote, faili 70 zilikataa kunakiliwa na nyengine ziliganda katikati. Wakati huo jedwali lilikuwa zima. Jedwali la GUID linaeleza kilichotokea baada ya Mac. Halielezi kwa nini pleya iliganda tangu mwanzo. Faili ikikataa kusomeka, tuhuma yangu ya kwanza ni kwamba kuna maeneo ya kumbukumbu yaliyochoka. Kumbukumbu za namna hii huchakaa kwa kuandikwa na kufutwa, na chaji inayohifadhi data hupungua kidogo kidogo ndani ya vyumba vyake, hasa kifaa kikikaa kwenye joto.

Kwa hiyo nisingeanza na PhotoRec moja kwa moja juu ya pleya. PhotoRec itapita diski nzima, itagonga maeneo mabovu, na kama haikuridhisha mtairudia, ilhali kifaa kinachoumwa hakifai kusomwa mara kwa mara. Ningechukua kwanza taswira ya diski nzima, yaani faili moja kubwa iliyo sawa na pleya ilivyo, herufi kwa herufi. Katika Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, ipo programu ya ddrescue iliyotengenezwa kwa kazi hii. Yenyewe husoma kwanza maeneo mazima, huruka mabovu, kisha hurudi kwa yale mabovu na kuyajaribu kwa uvumilivu, na huweka kumbukumbu ya ilipofikia, hata umeme ukikatika unaendelea pale pale ulipoachia. Baada ya hapo PhotoRec huielekeza kwenye ile taswira mara nyingi utakavyo, na pleya inapumzika. Hulazimiki kuweka Linux ndani ya kompyuta yenu. Inawashwa kutoka fleshi.

Jengine ni kwamba baada ya pleya kutengenezwa isiaminiwe kabla ya kupimwa. Programu ya H2testw huijaza nafasi yote kwa data inayoijua, kisha huisoma na kulinganisha. Niliijua kwa kuumia. Nilinunua memori kadi iliyoandikwa GB 64, nikaijaza mawaidha na qasida za mama yangu, na nusu ya mafaili yakawa na majina bila ya sauti. Kipimo kilionesha kwamba ndani yake zilikuwemo GB 8 tu, na kilichobaki kilikuwa ni uongo ulioandikwa katika programu endeshi ya kadi. Kadi kama hiyo utaifomati mwaka mzima. Itakubali kila mara na itakudanganya kila mara.

Tena ipo hali ya tatu, ambayo si yako lakini wengi watakuja hapa kuitafuta: unafomati, kompyuta inasema imemaliza, unachopoa na kurudisha, unakuta nyimbo za zamani zote zipo kama hukufanya kitu. Hapo kidhibiti cha kumbukumbu kimeamua kwamba imechakaa na kimeifunga isiandikwe tena. Nakili kilichomo, shukuru Mungu kwamba kinasomeka, na usitafute dawa.

Ndugu yangu, ukitaka, njoo Chake Jumamosi na pleya pamoja na diski ya nje yenye nafasi ya GB 40 hivi. Tutaifanya pamoja.

Fundi_Mlandege

Mwalimu amenikosoa kwa haki, na sina la kujitetea. Nilidhani kuganda kulitokana na faili moja iliyoharibika, kwa sababu pleya nyingi zikikutana na faili mbovu wakati wa kupanga orodha husimama hapo hapo, na anayechopoa kebo bila ya kuitoa kwa utaratibu hupata faili za namna hiyo mara kwa mara. Lakini kukataa kunakiliwa kwa faili 70 ni dalili nyengine. Afuate alivyosema Mwalimu: taswira kwanza.

Naongeza neno moja tu la tahadhari. Windows ina kufomati kwa haraka na kufomati kamili. Tangu Windows Vista, kufomati kamili huandika sifuri katika diski yote, na baada yake hakuna PhotoRec wala mtu atakayerudisha chochote. Kwa hiyo kisitumike kabla ya kuokoa. Baada ya kuokoa kina faida yake, kwa sababu hukagua sehemu zote na kuzitia alama zilizo mbovu ili zisitumike.

Kusini_Makunduchi

Salaam aleikum. Nimefuatilia kwa hamu kwa sababu nina pleya kama hiyo na nimeinunulia kadi ya GB 128. Windows inakataa kabisa kunipa FAT32, inanipa NTFS na exFAT tu. Je, nami nina tatizo la jedwali?

Na kwa ndugu wa Wete: utakaporudisha nyimbo, zirudishe kwa mpangilio. Pleya yangu haifuati alfabeti. Inafuata mpangilio ambao faili ziliandikwa. Nilipoweka sura 114 za Qur'ani kwa mkupuo, zilicheza ovyo ovyo, nikazifuta na kuzirudisha zikiwa na nambari kuanzia 001 mpaka 114, nikinakili folda moja baada ya nyengine, ndipo zikakaa sawa.

Mwalimu_Chake

Ndugu wa Makunduchi, lako ni jengine. Kadi zinazozidi GB 32 hutoka kiwandani na exFAT, na pleya nyingi za zamani haziijui. FAT32 yenyewe ingeweza kuchukua kadi yako bila ya shida. Ni chombo cha kufomatia cha Windows kilichowekewa mpaka wa GB 32 kwa miaka mingi. Tumia programu nyengine ya kufomati isiyo na mpaka huo, lakini kwanza soma karatasi ya pleya uone inakubali kadi ya ukubwa gani. Na kabla ya yote ipime hiyo kadi, kwa sababu niliyoyaeleza.

Ahsante kwa ushauri wa nambari. Nami naongeza kwamba anayenakili kutoka Mac atakuta faili ndogo ndogo ambazo majina yake yanaanza kwa nukta na mstari wa chini. Pleya huzihesabu kama nyimbo zisizochezeka. Zifutwe.

Mjukuu_Wete

Assalaamu alaykum. Narudi kwenu baada ya wiki mbili na nina deni la shukrani. Naeleza yaliyotokea kwa ukamilifu ili atakayekuja nyuma yangu apate njia.

Jumamosi nilipanda daladala mpaka Chake, na Mwalimu alinipokea yeye na mumewe. Tuliwasha Linux kutoka fleshi na kuanza kuchukua taswira saa nne asubuhi. Sehemu kubwa ilisomeka kwa muda usiofika saa moja, kisha ddrescue ikaanza kurudi kwenye maeneo mabovu, na hapo tukakaa mpaka alasiri. Mwalimu alikuwa amesema kweli: palikuwa na eneo lililokuwa likisomwa kwa tabu, na kila ilipojaribiwa tena kipande kidogo kilikuwa kikipatikana. Tulipoacha, yaliyobaki bila ya kusomeka yalikuwa kama MB 9 katika GB zote.

PhotoRec ilitoa faili 118 kutoka kwenye ile taswira, zaidi ya idadi niliyoikumbuka, kwa sababu zilitoka na zile zilizokuwa zimefutwa zamani. Nyimbo sita zina mkatiko, na tatu za mwanzo zimeharibika kabisa. Hizo ni kazi ya majaribio yangu ya kufomati, kama Fundi alivyonitahadharisha. Namshukuru Mungu kwamba zote tatu zimo katika zile 40 nilizokuwa nimeshazinakili. Sauti ya babu ipo yote, isipokuwa sehemu moja ya mazungumzo inayokatika kwa muda mfupi na kuendelea.

Kisha tulitumia diskpart kama Fundi alivyoandika. Tulichomoa kila kitu, tukahakikisha nambari mara mbili, na Mwalimu alinitaka niisome kwa sauti kabla ya kuandika «clean». Patisheni ikatoka moja, yenye GB 14 na ushei, na Windows ikaonesha FAT32. Pleya ilipowashwa haikudai tena kufomatiwa. Niliulizia hizo GB zilizopungua, nikaambiwa kwamba mtengenezaji huhesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja, ilhali Windows huihesabu kubwa zaidi, hivyo GB 16 za kwenye boksi huonekana kuwa chini ya 15, na sehemu nyengine huchukuliwa na programu endeshi.

Hatukuishia hapo. H2testw iliripoti makosa katika eneo moja dogo. Tukafomati tena, safari hii kufomati kamili, ikachukua muda mrefu, na tulipopima mara ya pili hapakuwa na kosa.

Fundi_Mlandege

Mashaallah. Hongereni nyote wawili. Ila hilo eneo bovu lisisahauliwe. Sehemu zikianza kufa, nyengine hufuata, na hakuna ajuaye baada ya mwezi au baada ya miaka. Pima tena kabla ya msimu ujao wa karafuu.

Mwalimu_Chake

Nami nasisitiza hilo. Ile taswira usiifute hata nafasi ikikubana, kwa sababu pengine siku moja itapatikana programu itakayookoa na zile MB 9. Na faili zilizookolewa ziwe mahali pawili palipo mbali, moja kwako Wete na moja kwa jamaa aliyeko Unguja au popote pengine. Siti binti Saad alisafiri mpaka Bombay mwaka 1928 kurikodi, na sauti yake tunaisikia hadi leo kwa sababu santuri zilitoka nyingi zikaingia majumba mengi. Sauti ya babu yako ilikuwa katika pleya moja tu.

Mjukuu_Wete

Nimefanya hivyo, dada. Nakala moja imo katika diski ya nje hapa nyumbani, na ya pili nimempa mjomba aliyerudi Unguja kwa boti ya Jumatano.

Kilichobaki ni majina. PhotoRec imezipa faili nambari tupu, kwa hiyo kila jioni baada ya isha nakaa na bibi, nacheza moja, naye ananambia ni wimbo gani, umeimbwa na nani, na kaseti yake aliirikodi mwaka gani. Nyengine anazijua kabla mwimbaji hajafungua kinywa, kwa udi au fidla peke yake. Tumeshafika 61. Katika faili ya 47 ametokea mtu akicheka nyuma ya maulidi, na bibi amesema ni dada yake marehemu, ambaye mimi sikuwahi kumsikia sauti yake. Nimeipa faili hiyo jina lake.

Nina suali moja la mwisho kwa Fundi. Faili tano zina sauti iliyopungua kasi, nzito, kama mtu anayezungumza akiwa usingizini. Je, hilo ni kosa la uokoaji, au kaseti zilikuwa zimeshavutika tangu nilipozinakili?

Fundi_Mlandege

MP3 iliyoharibika hukatika, huruka au hutoa mlio mkali. Haipungui kasi taratibu. Hiyo ni kaseti, au mkanda wa mpira wa redio uliyoitumia siku ile ulikuwa umelegea. Ikiwa uzito wa sauti ni ule ule tangu mwanzo mpaka mwisho, basi unarekebishika kwa programu ya kuhariri sauti kama Audacity, kwa kupandisha kasi asilimia chache mpaka bibi aseme ndiyo hiyo. Fanyia nakala, usiiguse ile ya asili. Ikiwa inapanda na kushuka, niletee nisikilize.

Mjukuu_Wete

Nne kati yake zina uzito ule ule. Tutaanza na hizo leo usiku. Ile ya tano inapanda na kushuka. Nitaituma kwa mjomba akuletee Mlandege.